Mzigo ukichelewa, hasara isiishie kwa mkulima

KILA msimu wa kupanda unapokaribia, malalamiko huwa ni yale yale. Mbolea haijafika, mbegu ziko njiani, kipuri cha mashine ya kusaga kimekwama bandarini. Mwagizaji humlaumu wakala wa forodha, wakala humlaumu mwenye lori, na mwenye lori hulaumu barabara. Katika kutupiana lawama huko, swali moja la msingi husahaulika: siku hizo zilizopotea, nani anazilipia?

Tuchukue mfano wa mbolea ya kupandia. Sehemu kubwa ya mbolea tunayotumia huagizwa kutoka nje, hushushwa Dar es Salaam, kisha hubebwa kwa malori zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufika Sumbawanga. Kontena likipitisha siku za bure bandarini, tozo huanza kuhesabiwa. Lori likilala siku tatu likisubiri kupakiwa au kupakuliwa, mwenye lori naye anadai fedha ya kulaza gari. Mwagizaji anaingiza gharama hizo kwenye bei ya jumla, na mwenye duka la pembejeo anaziingiza kwenye bei ya mfuko. Mkulima akifikiwa, hana tena wa kumwongezea, kwa sababu bei ya gunia la mahindi hapangi yeye.

Hiyo ni ile hasara inayoonekana kwenye risiti. Ile kubwa zaidi haiandikwi popote. Katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini mvua ni ya msimu mmoja, na huanza Novemba au Desemba. Mkulima ambaye mbolea haijamfikia ana njia mbili tu: apande bila mbolea, au asubiri huku mvua ikimpita. Njia yoyote atakayochagua, mavuno yatapungua, lakini deni lake kwenye chama cha ushirika liko pale pale. Ndivyo ilivyo pia kwa mfanyabiashara mdogo aliyekopa benki ili anunue mashine. Riba haisimami kwa sababu lori limesimama.

Wengi hudhani bima itawaokoa. Tunawashauri waisome hati ya bima kwa makini. Masharti ya kimataifa ya bima ya shehena yanayotumiwa sana duniani, hata yale mapana kuliko yote, yanaondoa waziwazi hasara inayotokana na kuchelewa kwa mzigo. Yanaiondoa hata pale ambapo kilichochelewesha ni janga lililokatiwa bima. Mzigo ukizama utalipwa. Ukifika salama baada ya msimu kupita, hulipwi kitu.

Je, sheria inasemaje? Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinampa aliyeumizwa na uvunjaji wa mkataba haki ya kulipwa hasara ya aina mbili: ile inayotokea kwa kawaida kutokana na uvunjaji huo, na ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu zilipoingia mkataba kuwa inaweza kutokea. Hasara ya mbali hailipwi.

Msingi wa kanuni hiyo ni kesi ya wenye kinu cha nafaka wa mji wa Gloucester, Uingereza, iliyoamuliwa mwaka 1854. Mhimili wa mashine yao ulivunjika, wakawapa wasafirishaji waupeleke Greenwich ukawe kielelezo cha kutengenezea mwingine. Wasafirishaji wakachelewa, na kinu kikasimama siku kadhaa zaidi. Wenye kinu walidai faida waliyoikosa. Mahakama ilikataa, kwa kuwa wasafirishaji hawakuwa wameelezwa kwamba kinu kizima kilikuwa kinausubiri mhimili ule. Kanuni hiyo iliingia katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na kutoka huko ikafika kwetu.

Fundisho lake ni la vitendo. Mnunuzi anayesema "leteni haraka" hajasema kitu. Anayeandika kwenye mkataba kwamba mbolea hii ni ya kupandia, kwamba lazima iwe ghalani kabla ya tarehe fulani, na kwamba ikichelewa wanachama wake watapoteza msimu, amempa msafirishaji taarifa ambayo hawezi kuikana mbele ya hakimu.

Kifungu cha 74 kinaruhusu pia mkataba utaje kiasi kitakacholipwa endapo utavunjwa. Mahakama inaweza kutoa fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Hivyo inafaa kutaja fidia ya kila siku ya kuchelewa, na iwe ya kiasi cha haki.

Kwa upande wa baharini, Tanzania, Kenya na Uganda ni miongoni mwa nchi zilizojiunga na Kanuni za Hamburg za mwaka 1978. Kanuni hizo zinamwajibisha msafirishaji wa meli kwa kuchelewesha shehena, lakini fidia yake haizidi mara mbili na nusu ya nauli ya mzigo uliochelewa. Zaidi ya hapo, mwenye mzigo asipotoa taarifa ya maandishi ndani ya siku 60 tangu akabidhiwe mzigo, hana dai tena.

Hatusemi kwamba mwenye lori ni adui. Foleni ya mizani si yake, wala ajali inayofunga mlima Kitonga. Mafuriko ya Desemba 2009 yalipobomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zilisimama kwa miezi, na hakuna dereva ambaye angeweza kuyazuia. Tunachosema ni kwamba kila hasara ibebwe na yule aliyekuwa na uwezo wa kuizuia. Wakala aliyechelewesha nyaraka alipie tozo za bandari. Mwenye lori aliyepita kubeba mzigo wa mtu mwingine alipie siku alizopoteza. Na mnunuzi aliyechelewa kulipa asimsingizie mtu.

Kwa hiyo, tunavitaka vyama vya ushirika vya msingi viagize pembejeo kwa pamoja, kwa sababu mkulima mmoja mwenye mifuko mitano hana sauti ya kujadili masharti. Mkataba utaje tarehe ya mzigo kufika ghalani, si tarehe ya kuondoka Dar es Salaam. Sehemu ya malipo ibaki mkononi mwa chama hadi mzigo upokelewe na kuhesabiwa.

Serikali nayo ina wajibu. Mikataba ya wanaosambaza mbolea ya ruzuku itaje tarehe ya kufika katika kila wilaya pamoja na fidia ya kuchelewa, na tarehe hizo zitangazwe ili wakulima wenyewe wawe wakaguzi.

Wakati wa kuyafanya haya ni kabla ya malipo ya kwanza kutoka. Baada ya hapo, mnunuzi atabaki kupiga simu na kuambiwa mzigo uko njiani.