Uzito wa Kwaki Topu na Hazina za Dola

Katika mabishano yaliyozuka Ulaya juu ya azma ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ya kujenga mtambo mpya kwa kuchimba, chini ya ardhi ya Uswisi na Ufaransa, njia ya duara yenye urefu wa kilomita 91, kwa gharama inayokisiwa kufika faranga za Uswisi bilioni 15, hoja ya kuutetea ninayoiona kuwa na nguvu kuliko zote inahusu chembe moja tu, kwaki topu, ambayo mtambo uliopo sasa umeipima kwa ustadi wa ajabu ilhali maana ya kipimo chenyewe haijatulia.

Chembe hiyo, ambayo ukoo wake Kobayashi na Maskawa wa Japani waliuashiria katika hesabu zao mwaka 1973, ilitangazwa mwaka 1995 katika maabara ya Fermilab, karibu na Chicago. Yenyewe peke yake inakaribia uzito wa atomu nzima ya dhahabu, na umri wake ni mfupi hata hufa kabla ya kupata wasaa wa kujifunga na kwaki nyingine. Kwa hiyo kinachopimwa ni athari zake tu. Protoni zikigongana ndani ya LHC, mtambo wa sasa wa CERN, topu huzaliwa aghalabu pamoja na kinyume chake. Kila moja huvunjika ikatoa chembe ya W na kwaki botomu, na hizo nazo huvunjika, mpaka kigunduzi kikabaki na mafurushi ya chembe, pengine elektroni moja au myuoni, na upungufu wa nishati iliyotoroka na nyutrino. Mpimaji huviokota vipande hivyo, akavilinganisha na migongano ya kubuni iliyotungwa na kompyuta kwa uzito mbalimbali, akauchukua ule unaoafikiana zaidi na alichokiona. Kwa njia hiyo vikundi vya ATLAS na CMS, vigunduzi viwili vya LHC, vilipounganisha matokeo ya awamu ya kwanza ya mtambo huo, vilipata gigaelektronivolti 172.52, kwa shaka ya 0.33 tu.

Lakini huo ni uzito wa nini? Ni ule ulioandikwa ndani ya programu ya kompyuta, na maulamaa wa nadharia hawajaafikiana barabara jinsi ya kuufasiri kuwa uzito uliomo katika milinganyo yao; na khitilafu hiyo si ndogo kuliko shaka ya kipimo. Basi wasemao kwamba tuongeze migongano ya protoni, yatosha, wamekosea, kwani wingi wa hesabu hauondoi utata wa tafsiri. Elektroni na positroni, zikigonganishwa katika mtambo mpya kwa nishati inayopandishwa kidogo kidogo mpaka pale jozi za topu zinapoanza kuzaliwa, zingetoa uzito usio na utata huo. Wala si udadisi mtupu: uzito wa topu, pamoja na ule wa chembe ya Higgs, ndio unaoamua, maadam hakuna fizikia nyingine iliyofichika, kama ombwe la ulimwengu wetu ni imara daima au limesimama ukingoni, na hesabu za leo zaelekea ukingoni.

Wapinzani wana haki ya kusikilizwa. Ujerumani, mchangiaji mkubwa kuliko wote katika bajeti ya CERN, imekwisha onyesha wasiwasi juu ya gharama, na bunge la Marekani lilipoufuta mwaka 1993 mtambo wa kugonganisha chembe uliokwisha kuanza kuchimbwa Texas, takriban dola bilioni 2 zilikuwa zimekwisha kutumika. Kuwajibu kwamba wavuti ulizaliwa CERN (jibu ambalo, nakiri, linanichosha) ni kuwadharau, kwani hakuna aliyejenga mtambo wa chembe ili apate wavuti.

Kwa rai yangu mtambo ujengwe, ila kwa sharti. Katika ratiba iliyopendekezwa, kazi ya topu imewekwa mwisho, baada ya miaka mingi ya kuzichunguza chembe za Z, W na Higgs, na cha mwisho ndicho kikatwacho kwanza fedha zipungukapo. Dola zitakazotia sahihi zidai kwa maandishi kwamba awamu ya topu haitaguswa.