Watoto wadogo nao waonyeshwe historia



Natoa maoni yangu juu ya kuwatembeza watoto wadogo katika miji ya kihistoria ya Ulaya.

Watanzania wengi siku hizi huishi ng'ambo au huenda huko masomoni pamoja na familia zao. Baadhi yao husema kwamba mtoto wa miaka minne au saba haelewi lolote katika makumbusho, heri apelekwe madukani na kwenye bembea. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na usemi huo siukubali hata kidogo. Mwaka jana wakati wa likizo nilimfuata mume wangu aliyekuwa masomoni Berlin, Ujerumani, nikiwa na watoto wetu wawili wa umri huohuo. Walielewa mengi.

Kwanza, mtoto hatembezwi kama mtu mzima. Sisi tulichagua mahali pamoja tu kwa siku, tukaenda asubuhi watoto wakiwa wameshiba, na walipochoka tulirudi. Mji wenyewe unasaidia: mtoto aliye chini ya miaka 6 hapandi treni kwa nauli, na makumbusho ya taifa hayatozi kiingilio kwa walio chini ya miaka 18. Mabaki ya ule Ukuta uliougawa mji kuanzia mwaka 1961 hadi 1989 yapo uwanjani katika mtaa wa Bernauer Straße, na mtoto anaweza kutembea kando yake bila kukatazwa kelele. Sikuwaeleza siasa za wakubwa. Niliwaambia kwamba bibi alibaki upande huu na wajukuu upande ule, wasiweze kutembeleana. Hilo mtoto yeyote analielewa.

Pili, yako mambo yetu wenyewe. Katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe amesimama yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, mwenye kimo kinachozidi meta 13, yaani zaidi ya twiga wawili waliobebana. Mifupa yake ilichimbwa mkoani Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913. Wachimbaji walikuwa mamia ya watu wa kwetu, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, kisha zikasafirishwa kwa meli. Mwanangu mdogo aliuliza, "Mbona yuko huku, hayuko kwetu?" Nikamjibu kwamba wakati ule Wajerumani walitutawala, wakachukua. Akauliza kama waliomba. Ndugu wasomaji, huyo ni mtoto wa miaka minne.

Tatu, hata majina ya mitaa yanafundisha. Kutoka kwenye makumbusho hayo treni moja, ile ya U6, inakufikisha kituo cha Afrikanische Straße. Katika eneo hilo, mwaka 2024 sehemu ya barabara iliyopewa awali jina la Karl Peters iliitwa Maji-Maji-Allee. Vilevile katika sehemu ya Neukölln, mtaa uliokuwa na jina la Wissmann, aliyekuja kuzima upinzani wa Abushiri huko pwani, tangu mwaka 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mama yetu Lucy Lameck. Mwanangu wa miaka saba alikisoma kibao cha Maji Maji mwenyewe, akacheka akidhani ni barabara ya maji. Nikamweleza habari za ile dawa na vita vya mwaka 1905 hadi 1907, na kwamba wengi walikufa kwa risasi na kwa njaa. Sikumweleza yote. Yaliyobaki atayapata kadiri anavyokua, maadam mlango umekwisha funguliwa.

Kwa hiyo nawasihi wazazi walioko huko wasiishie kupiga picha mbele ya Lango la Brandenburg. Wawapeleke watoto mahali hapo, wawajibu maswali yao kwa ukweli na kwa maneno machache. Samaki mkunje angali mbichi.

Lakini sisi tulio nyumbani nasi tuna wajibu. Mtoto wa Berlin hupelekwa na mwalimu wake kumtazama mjusi wa Tendaguru, lakini wanafunzi wangu, ambao wako mkoa uleule alikotoka, wengi hawajaona hata picha yake. Mjadala wa kurudishwa mifupa hiyo uendelee, ila elimu isiungoje. Naziomba idara zinazohusika na elimu na mambo ya kale zitutolee kijitabu chepesi cha Kiswahili chenye picha, pamoja na picha moja kubwa ya kubandika darasani. Gharama yake si kubwa. Si haki mtoto wa mbali aijue mali ya Lindi kuliko mtoto wa Lindi.



Mwalimu wa Kijijini,
Lindi.