Nafasi Ndiyo Vita

Wako watu wanaodai kuwa mshindi wa vita ni yule mwenye askari wengi na silaha kali. Madai haya ni mepesi kuyasema na mazito kuyathibitisha. Mimi nayakana, nami nakuomba, msomaji, uyapime kabla ya kuyaamini.

Tazama kwanza mezani. Mwaka 1824 von Reisswitz, ofisa wa Prussia, alitoa kanuni za kufundishia vita kwa vipande vidogo juu ya ramani. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu cha vita vya askari wa sanamu. Katika michezo mingi iliyofuata, kikosi hutawala mahali kinaposimama pamoja na eneo linalokizunguka. Mchezaji hodari hana pupa ya kuua. Huweka kikosi kimoja kwenye kivuko na kingine kilimani, na adui hujiona amefungwa hali askari wake wangali hai. Mcheza dama anaijua siri hii: kete iliyozibiwa njia ni nzima kwa macho, lakini imekufa kwa kazi.

Sasa ondoka mezani uje Tetu, alikozaliwa Dedan Kimathi mwaka 1920. Wapiganaji wa Mau Mau walipoingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, serikali ya kikoloni ilikuwa na bunduki, mizinga na hata ndege za mabomu. Kama silaha ndizo ziamuazo, vita vile vingalikwisha upesi. Msitu uliyameza mabomu. Kilichowadhoofisha wapiganaji ni kunyang'anywa nafasi. Mwaka 1953 misitu ilifanywa eneo la marufuku. Tangu 1954 zaidi ya watu milioni 1 walihamishwa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi. Na ukingoni mwa msitu lilichimbwa handaki refu lenye vigingi vikali vya mianzi, likamtenga mpiganaji na chakula cha nyumbani kwao. Tarehe 21 Oktoba 1956 Kimathi alipigwa risasi akakamatwa ukingoni humo humo, hapa Tetu.

Utaniuliza: je, nawasifu walioamuru handaki lile? Hasha! Mikono iliyolichimba ilikuwa ya wanavijiji walioshurutishwa, wengi wao wanawake. Hapa ndipo meza inapotupunja: uwanja wa mezani hauna wenyewe, lakini ardhi ina wenyewe. Mkoloni aliifunga ardhi, asiweze kuifunga mioyo. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikawa huru.

Basi cheza, kijana, wala usimsikilize akuambiaye kuwa mchezo ni upuuzi. Jifunze kuutazama uwanja kabla ya kuwahesabu askari. Lakini kila uzibapo njia, jiulize ni nani aliyekuwa akipita hapo na alibeba nini. Asiyeuliza hivyo atashinda mezani, na wanadamu wasimkabidhi hata kijiji kimoja.