Kibao Kinasema Chakula cha Asili, Kiko Wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu hoteli moja ya chakula iliyoko ufukweni mjini Mtwara. Jina lake silitaji, kwani nia yangu si kumharibia mtu biashara.

Agosti iliyopita nilitoka hapa Lupaso kwenda Mtwara kumpokea mkwe wetu kutoka Mwanza, aliyetaka pia kuliona kaburi la hayati Rais Benjamin Mkapa, aliyezikwa hapa kijijini mwaka 2020. Kwa kuwa hakuwahi kufika Kusini, nilipenda ale chakula chetu huku akiitazama bahari. Pale ufukweni tulikuta kibao kikubwa: "Vyakula vya Asili". Tukaingia. Nikaagiza ugali wa muhogo kwa pweza, na kisamvu cha nazi. Kijana aliyetuhudumia akacheka, akasema, "Mzee, muhogo si chakula cha njaa huo? Tuna chipsi, kuku na wali." Tukala chipsi. Mkwe wetu, kwa adabu yake, akausifu upepo.

Neno hilo la njaa ndilo lililoniuma. Huku Masasi, na kule juu Newala ambako maji ni ya shida tangu enzi za babu zetu, muhogo ndio unaovumilia mahindi yanapokauka shambani. Makopa ndiyo yaliyotukuza sisi, na yeye kijana bila shaka.

Najua wapo watakaosema kuwa muhogo na mkorosho vililetwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini. Ni kweli kabisa. Lakini viazi vya chipsi navyo asili yake ni huko huko, tena vilifika kwetu nyuma ya muhogo. Na ming'oko je? Hiyo hakuna aliyeileta. Ni mizizi ya porini. Akina mama huichimba kiangazi, wakaichemsha, wakaitia chumvi, mafuta na pilipili, kisha wakakimbizana na mabasi kuiuza. Abiria wanaigombania, mwenye hoteli haioni. (Samaki nchanga siwataji, maana wengine wataacha kusoma hapa hapa.)

Hoteli zikiagiza ming'oko kila wiki, akina mama hao watakuwa na mnunuzi wa uhakika badala ya kuhatarisha maisha yao barabarani. Ila kuchimba tu porini bila kupanda kutaimaliza. Ndiyo maana nawaomba wataalamu wa Naliendele, ambao wameufanyia mkorosho kazi kubwa, watufundishe wakulima namna ya kuipanda mashambani.

Mkwe wetu atakuja tena mwakani kwenye harusi, nami nitampitisha pale pale. Mwenye hoteli ama apike, ama akifute kile kibao.

Mla Muhogo,
Lupaso, Masasi.