Mjini Tuanze na Lipi?



Ni nani miongoni mwetu ambaye hajapata kuamshwa usiku kwa habari ya jirani aliyeanguka? Mtu amekwenda kulala akiwa mzima. Alfajiri anaokotwa sakafuni, mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki. Wengine husema amerogwa, na saa za kwanza, zilizo na thamani kuliko zote, huishia katika kumtafuta mbaya wake. Ugonjwa huo ni kiharusi. Mara nyingi huwa umetanguliwa na miaka mingi ya shinikizo la juu la damu, yaani presha, ambayo huenda haikumtia mgonjwa hata maumivu ya kichwa.

Imezoeleka kudhani kwamba magonjwa ya namna hii ni ya matajiri na ya nchi za mbali. Utafiti uliofanywa katika miaka ya 1990 Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, na matokeo yake kutolewa mwaka 2000, ulionyesha kinyume. Vifo vya kiharusi kwa watu wa umri wa kufanya kazi vilikuwa mara kadhaa ya vile vya Uingereza na Wales, na Dar es Salaam ndiyo iliyoongoza. Uchunguzi mwingine wa wakati huohuo ulipima watu wazima wa Ilala na wa Shari, mkoani Kilimanjaro. Takriban watatu katika kila kumi walikuwa na presha. Miongoni mwa hao, waliokuwa wakijijua hawakufikia wawili katika kumi. Waliosema wanatumia dawa walikuwa kama mmoja katika kumi. Na wale ambao presha yao ilikuwa imetulia kama inavyotakiwa hawakufikia hata mmoja katika mia. Tunamwomba msomaji arudie tarakimu hiyo ya mwisho.

Tangu wakati huo elimu imeenea, lakini tatizo halikuondoka: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliikuta presha kwa takriban mtu mmoja katika kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64.

Sasa, katika semina za afya watu hutajiwa mambo kumi kwa mara moja: mafuta, sukari, chumvi, tumbaku, pombe, uzito, mazoezi, mboga, usingizi na mawazo mengi. Msikilizaji hutoka amechoka, asifanye hata moja. Mwenye shilingi chache hana budi kuchagua, na anayewaongoza wenzake hana budi kuchagua vizuri zaidi.

Sisi tunaiweka presha mbele ya yote. Hupimwa kwa dakika chache na kwa chombo kisicho cha gharama kubwa. Dawa zake nyingi ni za zamani na za bei nafuu. Nayo ikiachwa huharibu ubongo, moyo na figo kwa pamoja. Ya pili ni tumbaku, ambayo haina kipimo kilicho salama, na ambayo sheria ya mwaka 2003 ilikwisha kuiwekea mipaka katika mahali pa umma. Ya tatu ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile ya mchuzi, ya mkate na ile anayonyunyizia muuza chipsi kabla hujamwambia neno. Hapa yafaa kukumbuka fundisho la Geoffrey Rose, daktari Mwingereza, aliloliandika mwaka 1985: watu wengi wenye hatari ndogo huweza kutoa wagonjwa wengi kuliko wachache wenye hatari kubwa. Ndiyo maana kupunguza chumvi kidogo katika chungu cha kila nyumba si jambo dogo.

Na kitambi je? Hatukipuuzi, ingawa wapo bado wanaokiita neema. Uzito na kisukari ni ndugu wa karibu. Lakini watu waliohama kutoka Morogoro Vijijini kwenda Dar es Salaam, walipofuatiliwa na watafiti, waliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili katika mwaka mmoja, na kazi za nguvu zikapungua sana. Je, wote hao walikuwa wavivu? Waliacha jembe, wakakuta jiji ambalo viwanja vyake vya wazi vimevamiwa na barabara zake nyingi hazina pa kutembea kwa miguu. Kumlaumu mtu kwa kutokufanya mazoezi mahali kama hapo ni kumdhulumu mara mbili. Jambo hilo ni la kupelekwa kwa diwani na kwenye serikali ya mtaa, wala si la kumalizwa kwa kumsema mama muuza maandazi.

Kwa upande wetu, parokia yenye mashine moja ya kupimia na muuguzi mlei mmoja yaweza kuzizungukia jumuiya zake zote kwa zamu. Majina na vipimo viandikwe katika daftari linalotunzwa kwa siri, na aliyekutwa na presha apelekwe kwenye zahanati, kisha atembelewe mwezi unaofuata. Presha haiponi kwa vidonge vya wiki mbili. Anayeviacha kwa sababu anajisikia vizuri hurudi palepale. Na anayeviacha kwa kukosa fedha, jumuiya yake ipate habari kabla hajaanguka.