Neno 'kimataifa' pekee halitaipa shahada ya biashara thamani

KILA msimu wa kuwasajili wanafunzi unapowadia, kurasa za magazeti na mabango ya barabarani jijini Nairobi hujaa matangazo ya vyuo vikuu yanayowaalika wafanyakazi warudi darasani. Miongoni mwa kozi zinazonadiwa kwa mbwembwe ni shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara, ambayo wengi huiita MBA. Siku hizi, hata hivyo, shahada hiyo haionekani kutosha ikiwa peke yake. Sharti iongezewe neno "kimataifa" ndipo ivutie.

Anayelengwa na matangazo hayo anajulikana. Ni karani wa benki aliyekaa miaka minane bila kupandishwa cheo, ofisa wa mauzo anayewaona vijana wenye vyeti vizito wakimpita, au mtumishi wa umma aliyeambiwa kwamba nafasi iliyo mbele yake inahitaji shahada ya pili. Wengi wao huchukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, hukatwa mshahara kwa miaka kadhaa na kuhudhuria masomo jioni na wikendi baada ya kutwa nzima kazini. Katika nyumba ya kipato cha wastani, karo ya mzazi hushindania shilingi zile zile na karo ya watoto na pesa za kununulia kipande cha ardhi.

Kwa hivyo, swali la iwapo shahada hii ina thamani inayodaiwa kuwa nayo si la wasomi pekee. Sehemu ya jibu inapatikana katika historia ya shule moja ya Marekani iliyofanya usimamizi wa kimataifa kuwa kazi yake ya pekee. Sehemu nyingine imo katika hesabu za kampuni za Kenya zilizothubutu kuvuka mipaka.

Mafiga matatu

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipomalizika, kiwanja kimoja cha ndege mjini Glendale, katika jimbo la Arizona, kilibaki bila kazi. Kiwanja hicho, kilichoitwa Thunderbird, kilikuwa kimetumiwa kuwafunza urubani wanajeshi wa Marekani, Uingereza na China. Mnamo 1946, chini ya uongozi wa Jenerali Barton Kyle Yount, kiligeuzwa kuwa shule ya kufundisha biashara ya nje.

Kufikia wakati huo, Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa kimefundisha usimamizi wa biashara kwa miaka 38, tangu 1908. Lakini mafunzo ya aina hiyo yalihusu zaidi kampuni za Marekani zilizowauzia Wamarekani bidhaa zao. Thunderbird ilishika njia tofauti. Masomo yake yalisimama juu ya mafiga matatu: lugha za kigeni, historia na tamaduni za maeneo mbalimbali ya dunia, na biashara yenyewe. Aliyenuia kuuza mitambo nchini Brazil alitarajiwa kujua Kireno na kuwaelewa watu ambao angekaa nao mezani kujadili bei.

Kwa miongo kadhaa mpango huo ulifaulu, na wahitimu wa shule hiyo wakatapakaa katika kampuni za mataifa mengi. Ufanisi huo ndio uliozaa tatizo. Vyuo vingine viliona kwamba neno "kimataifa" linawavutia wanafunzi, navyo vikaanza kuliweka katika majina ya kozi zao. Thunderbird, ambayo haikuwa na chuo kikuu kikubwa cha kuegemea, ilianza kukosa wanafunzi na fedha.

Mnamo 2013, uongozi wake ulitangaza mpango wa kuungana na Laureate, kampuni inayofanya elimu kuwa biashara ya kutafuta faida. Wahitimu wengi waliupinga, wakihofia kwamba vyeti vyao vingepoteza heshima. Mwaka uliofuata shirika linaloidhinisha vyuo lilikataa mpango huo, na mwanzoni mwa 2015 Thunderbird ikamezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Mnamo 2018 iliondoka katika kiwanja chake cha zamani na kuhamia jiji la Phoenix. Shule iliyofundisha wengine namna ya kuongoza kampuni duniani ilikuwa imeshindwa kujitegemea kwao nyumbani.

Funzo la kisa hicho ni bayana. Jina la kozi huigwa kwa siku moja. Kilicho vigumu kuiga ni lugha, ujuzi wa watu na uzoefu wa mahali, yaani yale mafiga mawili ambayo vyuo vingi vilivyoiga jina havikuona haja ya kuyabeba.

Kinachotolewa bure

Kisa hicho kina mkia unaowahusu moja kwa moja wasomaji wa Kiswahili. Mnamo 2022, shule hiyo hiyo ilitangaza mpango wa kutoa kozi za usimamizi wa kimataifa na ujasiriamali bila malipo kupitia intaneti, katika lugha 40, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo. Lengo lililotajwa ni kuwafikia watu milioni 100 kufikia 2030.

Haijalishi sana iwapo lengo hilo litafikiwa au la. La muhimu ni kwamba kanuni za msingi za somo hili, kama vile kusoma hesabu za kampuni, kupanga bei na kutafuta soko, zinaanza kupatikana bure, tena kwa lugha ya sokoni Kongowea na Gikomba. Ikiwa ni hivyo, chuo kinachomtoza mfanyakazi wa Kenya mamia ya maelfu ya shilingi kina wajibu wa kumweleza anacholipia. Hakiwezi tena kudai kwamba kinamuuzia maarifa yasiyopatikana kwingine.

Waliovuka mpaka

Hapo ndipo hesabu za kampuni za Kenya zinapoingia. Katika miaka 20 iliyopita, eneo hili limejionea mafunzo ya biashara ya kimataifa ambayo hakuna kitabu cha ng'ambo kingeweza kuyabuni.

Supamaketi za Nakumatt zilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru, zikaenea nchini kote na kuvuka hadi Rwanda, Uganda na Tanzania. Upanuzi huo ulibebwa na madeni. Mnamo Januari 2018 kampuni hiyo iliwekwa chini ya msimamizi, ikidaiwa zaidi ya Sh30 bilioni, na Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ya kuifunga kabisa. Waliopoteza hawakuwa benki pekee. Walikuwemo wauzaji wadogo waliopeleka bidhaa na hawakulipwa, pamoja na mamia ya wafanyakazi. Kabla ya hapo, mnamo Oktoba 2015, Uchumi nayo ilikuwa imefunga maduka yake Uganda na Tanzania.

Wageni waliokuja Kenya hawakusazwa pia. Shoprite ya Afrika Kusini, yenye uzoefu mkubwa barani, ilifungua maduka Kenya mnamo 2018 na kutangaza 2020 kwamba inaondoka. Carrefour, iliyoletwa 2016 na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, ilikuta soko lile lile ikapanuka, hata ikachukua baadhi ya majengo yaliyoachwa na Nakumatt. Mwanafunzi anayeelewa kwa nini mmoja alishindwa na mwingine akafaulu katika jiji moja, miaka ile ile, amejifunza jambo.

Hata M-Pesa, fahari ya Kenya tangu 2007, haikusafiri salama kila mahali. Ilipopelekwa Afrika Kusini na Vodacom mnamo 2010, ilidhaniwa kwamba ingefaulu kama ilivyofaulu hapa. Mnamo 2016 huduma hiyo ilifungwa. Raia wengi wa nchi hiyo tayari walikuwa na akaunti za benki, kwa hivyo shida ambayo M-Pesa iliitatua Kenya, ya mtu wa mjini kumtumia mzazi wake pesa kijijini bila benki, haikuwa na uzito ule ule kwao.

Safaricom imekutana na mtihani mwingine nchini Ethiopia. Kundi la kampuni ililoliongoza lilipewa leseni mnamo 2021 kwa dola za Marekani milioni 850, wakati vita vilikuwa vimepamba moto Tigray. Leseni hiyo haikuruhusu huduma ya pesa kwa simu, na ruhusa hiyo ilipatikana 2023. Kisha, Julai 2024, serikali ya Addis Ababa iliiacha sarafu ya birr ijitafutie bei sokoni, nayo ikaporomoka. Hasara iliyotokana na hayo ilionekana katika vitabu vya kampuni jijini Nairobi, na ikawagusa wenyehisa ambao hawajawahi kukanyaga Ethiopia.

Upande wa magharibi, benki za Equity na KCB zimeingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Equity iliingia 2015, na 2020 ikanunua hisa nyingi za BCDC, benki iliyoanzishwa 1909. KCB ilifuata 2022 kwa kununua sehemu kubwa ya Trust Merchant Bank. Kiswahili humsaidia meneja kutoka Kenya akiwa Goma, Bukavu au Lubumbashi. Akifika Kinshasa atakuta Kilingala mitaani na Kifaransa ofisini. Aidha, tangu 2012 Congo imefuata sheria za biashara za jumuiya ya OHADA, inayoyaleta pamoja mataifa 17 ambayo mengi hutumia Kifaransa. Sheria hizo zina asili tofauti na zile ambazo Kenya ilirithi kwa Waingereza. Na waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mnamo Januari 2025, benki zilifunga milango. Jedwali la faida na hasara halimwambii meneja afanye nini siku kama hiyo.

Hoja ya wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba kanuni za fedha ni zile zile Nairobi, London au Kinshasa, na kwamba kampuni inaweza kuwaajiri wenyeji waijaze mapengo ya lugha na sheria. Hoja hiyo ina ukweli wake, na kampuni zenye busara hufanya hivyo. Lakini uamuzi wa kuingia katika soko, kununua benki au kulipia leseni hufanywa makao makuu kabla mwenyeji yeyote hajaajiriwa. Asiyejua aulize nini hawezi kunufaika na jibu la mwenyeji.

Wengine watasema kwamba mwanafunzi hatafuti ujuzi wa Congo, anatafuta cheti kitakachompandisha cheo. Hilo nalo ni kweli, na si haki kumlaumu, kwani waajiri wenyewe ndio waliofanya shahada ya pili kuwa kipimo. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kianzishe masomo ya wanaojilipia karo mnamo 1998, na vyuo vingine kufuata mkondo huo, idadi ya wenye vyeti imeongezeka sana. Cheti ambacho kila aliyeketi katika chumba cha mahojiano anacho hakimtofautishi yeyote. Anayekopa ili akipate anakaribia kulipa bei ya zamani kwa bidhaa ambayo thamani yake imeshuka.

Maswali ya kuuliza

Haya hayamaanishi kwamba shahada hii itupwe. Jumuiya ya Afrika Mashariki imepanuka kwa kuikaribisha Sudan Kusini mnamo 2016, Congo 2022 na Somalia 2024. Biashara chini ya mkataba wa soko huru la Afrika ilianza rasmi Januari 2021. Mkataba wa Kenya na Muungano wa Ulaya ulianza kutekelezwa Julai 2024. Mahitaji ya watu wanaoweza kuongoza biashara ng'ambo ya mpaka yapo, na huenda yakaongezeka.

Kinachohitajika ni vyuo kurudisha yale mafiga mawili yaliyoachwa. Kozi inayojiita ya kimataifa haina budi kudai lugha moja zaidi ya Kiingereza na Kiswahili, iwe Kifaransa, Kiarabu au Kiamhari. Kisa cha Nakumatt kinapaswa kuchambuliwa darasani kwa makini yale yale yanayopewa visa vya kampuni za Marekani. Mwanafunzi naye apelekwe Kampala, Addis Ababa au Lubumbashi akakae na wafanyabiashara wa huko, asiishie kwenye ziara ya siku tatu ya kupiga picha. Na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, inayoidhinisha kozi, ina nafasi ya kudai kwamba jina la shahada liwiane na kinachofundishwa.

Anayejiandaa kukopa naye ana haki ya kuuliza maswali machache kabla ya kutia sahihi. Je, ni wahadhiri wangapi wamewahi kuendesha biashara nje ya Kenya? Mtaala unazungumzia nchi zipi? Wahitimu wa miaka mitano iliyopita wako wapi, na wanafanya kazi gani? Chuo chenye majibu kitayatoa kwa furaha. Kisichokuwa nayo kitarejea kwenye picha za bango lake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mabango yanaweza kuendelea kutembeza neno "kimataifa" kwa miaka mingi ijayo, lakini mkopo utalipwa na aliyeliamini, mwezi baada ya mwezi, hata kama mpaka alioahidiwa kuuvuka hatauona.