Sauti za Usiku na Ndimi za Mchana

Wapo wenzetu wenye mazoea mabaya: wakisikia sauti ambayo chanzo chake hawakijui, kabla ya jua kuchomoza wamekwisha kumjua mhusika. Bati likigonga usiku wa manane, basi ni mchawi katua juu ya paa. Ukiwadai ushahidi, hukujibu kwa methali: lisemwalo lipo. Methali hiyo ni tamu, lakini si ushahidi.

Nimefundisha walimu miaka mingi, na sichoki kusema: kutojua ni jambo moja, kusingizia ni jambo jingine. Bati hupanuka kwa jua la mchana, na usiku husinyaa. Bati la chuma la meta 3 likipoa kwa nyuzi 30 hupungua takriban milimita 1. Misumari hulishika, likijinasua ghafla, hulia "ta!" Na ule ukelele wa mtini, kama wa mtu anayenyongwa? Huyo ni perere, mnyama mdogo tu, anawaita wenzake.

Watasema, "Mwalimu, zipo sauti zilizowashinda hata wataalamu." Kweli zipo. Mwaka 1997 vinasa sauti vya Wamarekani, vilivyozamishwa katika Bahari ya Pasifiki, vilinasa mngurumo uliofika umbali wa zaidi ya kilomita 4,800. Ukapewa jina la Bloop. Watu wakabuni dubwana kubwa kuliko nyangumi. Wataalamu waliendelea kutega vinasa sauti, miaka ikapita, hadi wakatambua kwamba ulikuwa mlio wa barafu kubwa ya upande wa Antaktika ikipasuka. Dubwana halikudhurika kwa kusingiziwa, maana halikuwapo.

Lakini bibi kizee wa kijijini yupo. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni alizopikia maisha yake yote. Huko Shinyanga na Mwanza vikongwe wa namna hiyo wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Yule aliyetangulia kunong'ona kisimani, "Jana nimesikia kitu juu ya paa, na mwenyewe namjua," hakushika panga. Alilinoa.

Ndugu msomaji, ukisikia sauti usiyoielewa, washa taa utazame. Usipoona kitu, sema "sijui", kisha ukalale. Neno hilo halijamuua mtu.